Mume Wangu Ananiita Wifi Kila Saa Kumi

Mshauri,

Nimepoteza vitu viwili na nitavitaja kwa tarehe ili usije ukasema sikueleza. Tarehe kumi na nne mwezi wa tano mwaka juzi nilipoteza uwezo wa kunusa. Tarehe mbili mwezi wa tatu mwaka huu, Jumatatu, saa tano kasoro robo asubuhi, nikampoteza mtu aliyekuwa akinusa kwa niaba yangu, yaani wifi yangu, dada yake mume wangu. Kati ya tarehe hizo kuna miezi ishirini na moja na siku kumi na sita, na muda wote huo siri yangu aliijua yeye peke yake. Naomba msaada wako, lakini usianze na pole, pole nimepewa nyingi, nyingine ziko kwenye simu bado sijazifungua.

Mimi ni mwenye mgahawa. Meza kumi na moja, viti arobaini na vinne, tunafungua saa kumi na mbili jioni, Jumapili tunafunga. Sikurithi kitu. Niliosha vyombo miaka sita katika jiko la watu mpaka kucha zikalainika kama karatasi, nikapanda nikawa mkata mboga, nikapanda nikawa mpishi, nikatoka hapo na sufuria mbili na kisu kimoja, na leo mtu akitaka meza ya Ijumaa anapiga simu Jumanne. Kilichonifikisha hapo ni pua. Nilikuwa nasimama mlangoni nakwambia vitunguu vimebakiza dakika ngapi viungue, na wale wanaotuletea sampuli za mvinyo walikuwa wanafuta jasho kabla ya kunimiminia, kwa hiyo mafua ya mwezi ule wa tano yalipoondoka na pua yangu yakaniachia matundu mawili ya kupumulia tu, utaelewa kwa nini nilinyamaza. Mpishi mkuu akijua, kesho yake mimi ndiye mfanyakazi na yeye ndiye mwenye jiko. Mume wangu akijua, atasema tuuze tukapumzike, na neno hilo amekuwa akilitafutia nafasi tangu binti yetu aende chuo.

Wifi alinigundua wiki ya pili. Alinipa glasi, nikaisogeza puani, nikafumba macho, nikasema maneno yangu ya siku zote, kwamba ina mwili, ina matunda. Akaniangalia. Akasema, "Wifi, hayo ni maji na rangi ya keki." Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaenda kufunga mlango. "Wewe mtu angekupa mafuta ya taa ungemuuliza ni ya mwaka gani," akasema, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa pua ya nyumba, na watu wakaambiwa namfundisha kazi.

Kazi yenyewe tulikuwa tunaifanya hivi. Saa kumi alasiri wafanyakazi wanakula uani, mlango wa jikoni unafungwa, na haruhusiwi mtu kuingia ukumbini. Meza namba saba, ile iliyo karibu na jiko, napanga glasi moja ya mguu mrefu, kisahani cha chakula kikuu cha jioni hiyo, na kopo la bati la kutemea. Funda la kwanza ni la mdomo mtupu, unalizungusha, unatema. La pili linakwenda pamoja na chakula, unatema. La tatu ni baada ya chakula kushuka, na hilo peke yake ndilo humezwa. Nyama yenye mafuta inaulainisha ukakasi wa mvinyo mwekundu, lakini ukiupeleka kwa samaki mwembamba unakuwa kama umelamba msumari, basi kama haviendani tunabadili chupa au tunabadili mchuzi. Halafu wifi anatoa maneno matatu, mimi naandika kwenye kadi, wahudumu wanayakariri kwa ajili ya wateja. Mawili ya kwanza yalikuwa ya mdomoni, la tatu alikuwa analitoa anakojua mwenyewe. "Plamu, majivu, mlango unaofungwa taratibu." "Cheri, ngozi ya kiatu, mtu aliyesamehe lakini hajasahau." Wateja walilipenda hilo la tatu kuliko mvinyo.

Aliugua siku kumi na moja tu, zote hospitali. Nilifungua mgahawa tena tarehe tisa, nikawa nakaa meza namba saba peke yangu, mlango umefungwa, nina kadi zake mia tano na arobaini ndani ya boksi la viatu, naangalia chakula cha leo kinafanana na cha siku gani, nanakili, kama mwanafunzi aliyepata majibu ya mtihani wa mwaka jana. Ilikubali siku nane. Ya tisa, Jumatano, kizibo kibovu kilikuwa kimeharibu mvinyo chupani, na si chupa moja, na mimi nilikuwa nimeinusa ile ya kwanza mbele ya mhudumu, macho nimefumba kabisa, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari njema. Meza nne zikarudisha glasi. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka saba, akaniita pembeni akaniuliza kwa upole, "Mama, leo unaumwa? Hii inanuka boksi lililolowa mvua." Nilimwambia naumwa.

Sasa ndiyo tunafika. Kesho yake, Alhamisi tarehe kumi na tisa, saa kumi, nimekaa, glasi iko mezani, nyama ya ng'ombe iliyookwa polepole na uyoga iko kwenye kisahani, na nimefungua chupa kutoka katoni ileile kwa sababu sikuwa na namna ya kujua zipi nzima. Mume wangu akaingia kwa mlango wa uani. Mume wangu ni fundi wa majokofu na viyoyozi, anazunguka mjini kutwa na begi la spana, tumeoana miaka kumi na tisa na katika miaka hiyo mvinyo anauita juisi iliyokasirika, nyama yangu ya kuoka anaila na chai. Hakusalimia. Akakaa kwenye kiti cha dada yake. Akaushika mguu wa glasi kwa mkono wa kushoto, mkono wa wifi, mtu ambaye hata sikio hulikuna kwa mkono wa kulia, akaizungusha, akatazama dari kama wifi alivyokuwa akiitazama, akatia funda, akatema kwenye kopo bila kudondosha tone. Mimi mara ya kwanza nilichafua kitambaa chote.

Akasema, "Wifi, hii usiwape watu. Imelala na karatasi mbichi."

Mshauri, mwanamume hana wifi. Mimi ananiita Bosi, tangu tuoane, kwa utani na kwa hasira, Bosi. Nikabaki nimeshika kalamu. Akasema, "Fungua ile ya pembeni, yenye lakiri nyeusi shingoni." Nikafungua. Akaonja mara ya kwanza, akaonja na nyama, akameza la tatu, akafumba macho, akatoa maneno: "Zabibu kavu, pilipili manga, mke anayemficha mumewe." Na mimi, kwa mazoea, nikaandika. Jioni ile wahudumu walikariri hivyohivyo meza kumi na moja na watu wakacheka mpaka wakaagiza chupa ya pili. Wakati anainuka ikapita harufu ya mafuta ya nazi, yale wifi aliyokuwa akipaka nywele, halafu akatoka kwa mlango alioingilia.

Jioni nyumbani akavua viatu, akaomba chai. Nikamjaribu. "Leo umeionaje ile?"

"Ipi?"

"Ile."

"Bosi, nimeshinda juu ya paa la watu, kiyoyozi kinanivujia mgongoni. Ukisema ile, sema ile ipi."

Nikamtilia chai. Ningemuuliza vipi zaidi, wakati swali lenyewe lingenidai nieleze kwa nini mwenye pua ya kuogopwa anahitaji kuonjewa?

Leo ninapoandika ni Jumapili tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, na amekuja mara ishirini na saba, kila siku ya kazi, hajakosa hata moja. Hajakosea pia. Hakuna glasi iliyorudi. Mwanakondoo alimpatia mvinyo ambao mimi nisingemsogezea, na mwalimu mstaafu akanishika mkono akasema nimepona. Mgahawa haujawahi kwenda vizuri namna hii, na kila unapokwenda vizuri mimi nazidi kuogopa. Maneno ya tatu yamekuwa mabaya. Wiki iliyopita alisema, "Matunda meusi, moshi, mwanamke anayekaa kwenye kiti cha mwenzake." Niliangalia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu.

Nyumbani naye amebadilika, na hilo lilianza zamani, nisiseme limeanza juzi. Amekuwa mkaguzi. Gesi anafunga mwenyewe, anarudi kuangalia tena. Maziwa anafungua, ananusa, ndipo ananitilia kwenye chai. Nyama iliyolala kwenye friji anaitupa bila kuniuliza, nyama yangu, kwenye nyumba niliyoijenga. Nilimwambia umezeeka vibaya, akacheka tu. Nimehamia chumba cha binti yetu, leo siku ya tisa, akauliza mara moja kwa nini nikasema mgongo.

Nimeonewa, mshauri, na nataka kujua nani kanionea. Kuna mawili. Ama wifi amekataa kuondoka na amemchukua mume wangu bila kuniuliza, ama mume wangu anaijua siri yangu na ananichezea shere kwa sauti ya marehemu dada yake. Kama ni la kwanza naogopa kulala naye. Kama ni la pili nimeshamtolea begi kabatini. Mtu anayekunywa chai mezani kwangu ni mume wangu au si mume wangu?

Mwenye Meza Kumi na Moja

Jibu la mshauri

Mama wa meza kumi na moja, rudisha begi kabatini kwanza, ndipo tuzungumze.

Umesema nisikupe pole, basi sikupi, nakupa barua yako mwenyewe uisome upya, maana wewe uliyehesabu kadi mia tano na arobaini umeshindwa kuona kitu kimoja kilicho mbele ya macho. Gesi anafunga mwenyewe. Maziwa ananusa kabla hujanywa. Nyama iliyolala anaitupa. Umeandika hayo kama mashtaka! Mama, huyo anajua. Amejua siku nyingi. Unadhani fundi anayetafuta gesi inayovuja kwenye friji za watu kutwa nzima atashindwa kugundua kwamba mkewe hasikii harufu ndani ya nyumba? Miezi ishirini na moja amekuwa pua yako ya nyumbani bila kadi na bila kiti maalumu, na malipo yake ni kuambiwa amezeeka vibaya.

Haya, hilo la saa kumi. Dada yake alilala hospitali siku kumi na moja. Wewe ulikuwa na mgahawa wa kuendesha. Nani alikaa naye kitandani saa hizo zote, na unafikiri walizungumzia mpira? Alimwachia kazi. Alimwonyesha glasi inashikwaje, na chupa ipi ina lakiri nyeusi. Ulimi huweza kuonja vizuri hata kinywaji ambacho mwenyewe hakipendi, na hao wawili walilishwa na mama mmoja kwenye jiko moja. Kuhusu kukuita wifi: mwanamume aliyefiwa na dada yake ameketi kwenye kiti cha dada yake, anafanya kazi ya dada yake, na limemponyoka neno la dada yake. Kuna wanaovaa saa ya marehemu. Kuna wanaohifadhi namba ya simu ambayo haitapokelewa. Wako ameazima neno. Akifika nyumbani anaona haya, anajifanya hajui "ile" ni ipi. Na wewe hukumsaidia, ulimuuliza kwa mafumbo ukategemea akujibu kwa hati ya kiapo.

Nakuonea huruma, lakini nakukaripia pia. Yule mke wa kwenye kadi ni wewe. Ulitangaza aibu yako mwenyewe meza kumi na moja watu wakacheka, na mtu pekee aliyestahili kuambiwa alikuwa nyumbani anakunusia maziwa.

Kisha kuna hili ulilolipita mbio kama mtu anayeruka dimbwi. Unasema hujanusa kitu tangu mwaka juzi, halafu unaniambia ikapita harufu ya mafuta ya nazi. Imepitia wapi? Pua yako inaanza kurudi, mama, wala huna habari. Nenda kwa daktari wa pua wiki hii, usingoje nafasi, nafasi haiji kwa watu wenye mgahawa.

Sasa fanya hivi. Leo rudi chumbani kwako. Jumapili asubuhi, mkiwa hamna haraka, mkalishe mume wako jikoni, wewe keti pia, usisimame na mwiko kama unatoa amri. Mwambie habari ya pua yako tangu tarehe ile ya kwanza, yote, kabla hujamuuliza lolote kuhusu saa kumi. Ukimaliza, muulize waziwazi, kwa maneno yenye mahali na saa. Kisha mwambie na mpishi mkuu, na tafuta mwonjaji umlipe mshahara mchana kweupe. Mwisho, acha kujitisha. Hakuna marehemu anayefika kazini siku ishirini na saba mfululizo bila kukosa hata moja. Walio hai wenyewe hawawezi.

Barua ya pili, imefika Jumatano

Mshauri,

Nilifuata ulivyosema, kwa mpangilio uliosema, kwa hiyo usiniambie niliruka hatua.

Daktari wa pua alinipa vichupa kumi na viwili vya harufu, nikiwa nimefumba macho, karafuu, limau, sabuni, mpaka kahawa. Nilipata sifuri. Akarudia vyote. Sifuri. Akasema pua hii haijaanza kurudi na huenda isirudi. Nikamuuliza kuhusu mafuta ya nazi akaniambia ubongo hukumbuka. Sawa.

Jumapili nilimkalisha mume wangu jikoni nikamwambia yote. Hakushtuka. Akasema, "Bosi, mimi nilijua siku ya tatu. Uliacha gesi wazi ukasimama pale pale ukiimba." Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Sikujua utachukua karibu miaka miwili." Hapo ulikuwa sahihi na nakupa haki yako. Nililia, naye akaenda kuweka maji ya chai kama anavyofanya akikosa la kufanya.

Halafu nikamuuliza kuhusu saa kumi, kwa mahali na saa.

"Saa kumi ya lini?"

"Kila siku. Meza namba saba."

Akasema, "Mgahawani kwako mara ya mwisho nimeingia mwezi wa kwanza, friza ya samaki ilipozima."

Nikasema usinitanie. Hakubishana. Alikwenda kwenye begi lake akaleta kitabu cha fomu za kazi, kile mteja anachojaza saa ya fundi kufika, saa ya kuondoka, na sahihi yake chini. Wewe unanijua sasa, nilikaa nacho sakafuni nikakipitia. Mpaka Jumamosi iliyotangulia, yule wa saa kumi alikuwa ameshanijia mara thelathini na tisa. Nilikuta kurasa thelathini na tisa. Saa kumi ya kila siku hiyo yuko mahali pengine mjini, na kuna sahihi ya mtu mwingine kila ukurasa. Tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu alikuwa kwenye paa la kiwanda cha mikate, saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu. Nilimpigia mwenye kiwanda. Anamkumbuka, aliwatengenezea kiyoyozi na akakataa soda akaomba chai. Wala hospitali hakukaa. Siku zile kumi na moja kitandani nilikuwa nimekaa mimi, mgahawa nilimwachia mpishi mkuu. Hukuniuliza.

Jumatatu nikamwambia mpishi mkuu habari ya pua. Akasema, "Mama, sisi tulidhani ni huzuni. Tangu ufiwe tunakusikia humo ndani unaongea peke yako, tukakubaliana tusikuulize." Nikamuuliza kama amewahi kumwona mume wangu akipita uani saa hizo. Wanakula uani wote saba, mlango uko mbele yao. Hakuna aliyemwona hata siku moja.

Basi Jumatatu hiyohiyo sikuandaa meza. Nilikaa jikoni na mpishi mkuu, mlango wa ukumbini umefungwa, ukumbi mtupu, jua limejaa madirishani. Saa kumi ikafika. Tukasikia kiti kinavutwa. Kikatulia. Halafu sauti, ya kawaida tu, ya mtu aliyezoea kuhudumiwa: "Wifi, glasi iko wapi?"

Haikuwa sauti ya mume wangu. Haikuwa hata inajaribu kuwa yake.

Mpishi mkuu akanong'ona, "Mama, kufungua huo mlango hakumo kwenye mkataba wangu." Nikaufungua mwenyewe. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kiasi cha mtu kukaa, na mafuta ya nazi yalikuwa yamejaa chumba kizima mpaka machozi yakanitoka, mimi wa sifuri kati ya kumi na viwili. Mpishi mkuu alisimama nyuma yangu, pua yake nzima, akasema yeye hasikii harufu yoyote.

Jana sikwenda kazini. Leo sikwenda. Nililala chumbani kwangu, na mume wangu, kama ulivyosema, na kwa hilo siombi ushauri zaidi.

Lakini yeye anataka kuja. Amesema Ijumaa ataacha kazi mapema, saa kumi awe amekaa meza namba saba pamoja nami. Nilimkatalia mara tatu. Akaniambia, "Siku aliyofariki nilikuwa juu ya paa, simu iko ndani ya begi. Nimepata habari dada yangu ameshafunikwa. Sikumuaga, Bosi. Kama yuko pale, mimi nakuja." Wewe ungemjibu nini? Nimekubali.

Hofu yangu nitakwambia kwa ufupi. Yeyote anayekaa pale amevaa sura ya mume wangu mara thelathini na tisa mbele yangu, na sikuona tofauti zaidi ya mkono wa kushoto. Ijumaa mume wangu atakuja na sura hiyohiyo, mahali hapohapo, saa hiyohiyo. Nikisimama kwenda kuleta nyama nikarudi, nitajuaje nani yuko upande gani wa meza? Na saa kumi na moja nitatoka pale na nani?

Nimemwambia haya yote, akasema nitamjua kwa sababu ataniita Bosi. Nikamwambia na huyo mwingine sasa amesikia.

Kwa hiyo sitaki maelezo ya huzuni, sitaki saa ya marehemu wala namba ya simu isiyopokelewa. Ulinipa maelezo mazuri na yote yalikuwa ya mtu mwingine. Nyama itakuwa ya ng'ombe, imeokwa kwa muda wa saa tatu. Chupa ni ya lakiri nyeusi, imebaki moja. Nikiweka glasi mbili, kuna mmoja kati yetu watatu nitakuwa nimemwambia aondoke, na sijui atakuwa nani. Nikiweka tatu, nimemkaribisha, na mtu aliyekaribishwa mezani kwangu sijawahi kumtoa kabla hajamaliza. Gazeti lako linatoka Jumamosi, litakuwa limechelewa. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha. Saa tisa alasiri Ijumaa ndipo naandaa meza, kwa hiyo kabla ya saa tisa nitumie tarakimu moja, usiongeze neno.

Mbili au tatu?